Mzigo wa Unga wa Ndizi

Kila Jumamosi asubuhi Demetria Gaspar alijifunika blanketi zito gubigubi, kichwa mpaka miguu, simu mkononi. Hayo aliyafanya katika chumba cha kupanga huko Kimara, mwezi wa pili, wakati ambao hata kuku wa Dar es Salaam hutembea midomo wazi kwa joto. Blanketi lilikuwa la kuzuia kelele. Nje ya dirisha alipita muuza mihogo na kipaza sauti chake, saluni ya jirani ilikuwa imeshafungulia muziki wa singeli, na mtoto wa chumba cha tatu alikuwa analilia andazi. Hakuna hata moja kati ya sauti hizo inayosikika katika kijiji cha Ufaransa. Na Demetria, kwa jinsi mama yake alivyojua, na jumuiya nzima ya Mtakatifu Anselmo kule Madale ilivyojua, alikuwa Ufaransa.

Basi humo ndani ya blanketi, jasho likimchuruzika mpaka kwenye viwiko, alisoma somo la Biblia. Kule Madale mama yake alikuwa ameiweka simu mezani, juu ya kitambaa cheupe, ubavuni mwa msalaba, sauti imefunguliwa hadi mwisho, na wanajumuiya wamekaa kwenye viti vya plastiki wakisikiliza. Alipomaliza, Mzee Ansbert, mwenyekiti wa jumuiya, alisogea karibu na simu.

"Ahsante binti yetu. Huko baridi inasemaje?"

"Shikamoo mzee. Baridi ni kali. Leo tumeamka theluji imefika kizingitini."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Sie huku tunakuombea."

Wakamwombea kweli. Walimwomba Mwenyezi Mungu amkinge mtoto wao na theluji, asiteleze, kifua kisimbane, naye akijifuta jasho la shingo kwa ncha ya blanketi. Walipofika "Amina" na yeye akasema "Amina", na sauti yake ikamkera masikioni mwake mwenyewe.

Mtu asiharakishe kumcheka. Hakuna anayeamka asubuhi akasema leo naanza uongo wa miezi na miezi. Demetria alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari, ajira ya kudumu, mwalimu anayependwa. Jioni alikuwa akifanya kazi za tafsiri kwa watu asiowajua, zinakuja kwa barua pepe na kurudi kwa barua pepe. Akaonja uhuru ule, ukamkolea. Akaona kama wateja wako Ulaya na nyumba za vijijini huko hazina wapangaji, kwa nini asiende kukaa hukohuko, awe bosi wa nafsi yake?

"Mama, kazi yangu inataka kompyuta na umeme tu," alimwambia mama yake. "Naweza kuifanyia popote."

"Kama ni popote, ifanyie Madale," mama akajibu.

Bibi huyu alikuwa sahihi, lakini usahihi wa mzazi haujawahi kuzuia safari ya mtu. Mama Demetria ni mjane wa Kichaga, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Kiwanja cha Madale walikinunua yeye na marehemu Mzee Gaspar, enzi mlima ule una nyani wengi kuliko watu, na jambo la kwanza alilofanya ni kuagiza vipande vya masale, mmea wa ua wa Kichaga, kutoka kwao Kibosho, akavipanda kuzunguka kiwanja. Wenzake walijenga kuta, yeye ua lake ni masale mpaka leo, marefu, majani yanang'aa. Jioni ya kuamkia safari alikuwa anamkunjia binti yake nguo, na hasira aliyoibana wiki nzima ikamtoka.

"Unaacha ajira unakimbilia kusikojulikana. Mkono mtupu haulambwi, Demi. Siku ukirudi hapa mikono mitupu, usinigongee geti."

Akaendelea kukunja nguo. Kesho yake uwanja wa ndege alilia mpaka kilemba kikamlegea, akambariki mtoto kwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Yeye alidhani yale maneno ya jioni yalikwisha palepale sebuleni, kumbe yalikuwa yameingia kwenye begi pamoja na nguo.

Kijiji chenyewe kiliitwa Saint-Maurille, ambacho jumuiya ilikitaja kwenye sala kama Samorili. Kilikuwa na kanisa lililofungwa, padri akija mara moja moja, ng'ombe wekundu wanene, wengi kuliko watu, na meya ambaye asubuhi unamkuta ofisini na mchana unamkuta na buti za matope anakamua. Saa sita ikigonga kila kitu kinafungwa, watu wanaenda kula, na ukifika posta saa sita na dakika moja shauri yako. Gari la mikate lilipita na kupiga honi, nawe unatoka na koti juu ya gauni la kulalia, unanunua mkate mrefu mgumu unaoweza kumfukuzia mwizi.

Demetria alifika akiwa na mazoea ya kwao. Alimsalimia kila aliyepita, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za afya, na Wafaransa wale wakamtazama kama mtu anayetaka kuwauzia kitu. Siku zikaenda wakamzoea. Jirani yake, bibi mmoja aliyeitwa Odette, alianza kumwachia mayai na vitunguu vya majani dirishani bila hodi wala barua. Demetria naye akampikia ndizi za nazi, nazi ya kopo. Bibi Odette akala sahani mbili, akasema ni tamu ila ni chakula cha mtu anayekwenda kulima. Yeye ndiye aliyemfundisha kupasua kuni. Fikiria: mtoto wa Mama Demetria, aliyesoma ili aepukane na jiko la kuni, anapanda ndege kwenda Ulaya kupasua kuni.

Kazi aliifanyia jikoni, karibu na jiko la chuma, soksi mbili mbili miguuni. Alitafsiri maelekezo ya kuchuja maji, mahojiano ya wakulima, maneno ya chini ya filamu za mafunzo. Kulikuwa na majuma ya kazi mpaka macho yanauma, na majuma ya kukodolea barua pepe kama paka anayesubiri dagaa. Bosi wa nafsi yake, naam, ila bosi huyo hakuwa na likizo, hakuwa na mwenzake wa kumsengenya, na siku akiugua ofisi nzima imeugua. Hata hivyo aliipenda. Alipenda ukungu wa asubuhi juu ya malisho, na alipenda kujua kwamba kila sentensi iliyotoka jikoni kwake ilisomwa na mtu Kigoma au Tandahimba.

Kisha mashine zikajifunza kutafsiri. Wateja wakaanza kumwandikia kwa upole: mashine imeshafanya, wewe pitia tu. Baadaye hata kupitia hawakuomba. Na nchi ile, mgeni anayejiajiri lazima aonyeshe kwamba kazi yake inamlisha, la sivyo kibali cha kuishi hakiongezwi. Chake hakikuongezwa. Bibi Odette alimpeleka stesheni kwa gari lake dogo linalonuka mbwa, akamuuliza, "Unarudi lini?" Demetria, akiona aibu hata kwa bibi wa watu, akasema, "Baada ya likizo." Akamwachia ufunguo.

Alitua Dar usiku mmoja wa mwezi wa saba, na badala ya kwenda Madale akapanga chumba Kimara. Alijiambia ni wiki mbili tu. Apate kazi kwanza, ajipange, aingie getini kwa mama yake na kitu mkononi. Wiki mbili zikazaa nyingine. Vijikazi viwili vitatu vya tafsiri bado vilikuja, vya kumlipia chumba na maharage. Namba yake ya simu ilibaki ileile ya Ufaransa kwenye WhatsApp. Simu za video alizikataa kwa kisingizio cha mtandao wa kijijini. Na Bibi Odette, masikini, kila alipoona kitu kizuri alimtumia picha: theluji kwenye paa, mbwa kajikunja mbele ya moto, dirisha la Demetria limeganda barafu. Demetria alizipeleka Madale zilezile. Mama yake aliwaonyesha wanajumuiya, wakatikisa vichwa, wakaongeza sala.

Njia ya mwongo fupi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuijua WhatsApp. Njia ya Demetria ilirefuka tu. Kutoka Kimara mpaka Madale kwa barabara ya Goba ni mwendo wa bodaboda, hata joto la kofia halijakuchosha umeshafika. Mara moja alifika mpaka Goba kabisa, akashuka, akanunua chungwa, akalila amesimama, akarudi. Mara nyingine alimwona kwa mbali mama mmoja wa jumuiya pale kituoni Kimara Stop Over, akajibanza nyuma ya maturubai ya mitumba mpaka muuzaji akamuuliza, "Dada, unanunua au unajificha?"

Kwaresima ilipoingia, mama yake alipiga simu kwa sauti ya furaha.

"Demi! Unamjua Benjamin, yule Mmakonde mchonga vinyago, jirani? Kaalikwa maonyesho hukohuko kwenu Ufaransa! Nimemwandalia mzigo wako."

"Mzigo gani, mama?"

"Unga wa ndizi. Nimezianika mwenyewe, nikasagisha. Na majani ya kunde makavu, na dagaa kidogo. Anasema atakuletea mpaka kijijini kwenu."

Kwetu mtu mwenye safari ni mali ya umma. Ukisikika tu unaondoka, hata kwenda Dodoma, utashangaa jirani amekuja na kiroba, na kukataa huwezi. Benjamin mwenyewe alimpigia kesho yake, mchangamfu kama kawaida yake.

"Sista, wala usijali. Mie nimetoa kinyago kimoja kwenye begi ili mzigo wa mama uenee. Kile cha wazee wamebebana, kizito mno. Nikimaliza maonyesho nachukua treni nakuja huko Samorili. Hata zikiwa treni tatu, nakuja. Mama yako kanikunia nazi ya wali tangu natafuta kazi mjini hapa."

Demetria alimwona kabisa akilini: Benjamin na koti la kuazima, anashuka kwenye stesheni isiyo na mtu, amebeba unga wa ndizi kwenye baridi, anagonga nyumba iliyofungwa. Hapo angeweza kusema ukweli. Mdomo ulishafunguka. Kilichotoka ni kingine.

"Usihangaike, kaka. Kuna rafiki yangu anatoka Dar wiki hiihii, anakuja moja kwa moja huku. Nitamtuma mtu aje auchukue kwa mama."

"Aah. Kinyago si nilishamwachia mteja wa Mwenge," Benjamin akasema, akacheka. "Haina shida, sista."

Mtu aliyetumwa ni Fakihi, dereva wa bodaboda wa kijiwe cha Kimara. Demetria alimweleza aseme mzigo unaenda uwanja wa ndege. Fakihi alirudi mchana na kiroba kimeshonwa kwa kamba, akakishusha mlangoni, akasita kuondoka.

"Mama yule kaniuliza, 'Baba, utaupeleka mwenyewe uwanjani?' Nikamwambia ndiyo. Kanipa maji ya kunywa na ndizi mbivu." Alijikuna chini ya kofia. "Siku nyingine usinitume vile, sista."

Demetria alifungua kiroba. Harufu ya nyumbani ikajaa chumba. Unga ulikuwa ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko, umeshindiliwa mpaka juu, umefunikwa kwa karatasi ya nailoni. Alisema moyoni hataugusa, kwa heshima. Jioni njaa ikamshika, maana kazi haikuwa imekuja wiki hiyo. Akachota kikombe, akapika uji, akatia maziwa, akanywa, akalamba mwiko. Asubuhi akachota tena.

Mama yake alipiga siku ya pili. "Mzigo umefika?"

"Bado, mama. Rafiki yangu yuko Paris. Huku posta wamegoma."

"Ukifika niambie siku hiyohiyo. Na unga uumimine wote kwenye sinia, mwanangu, uupunge hewa. Usichotechote humo ndani."

"Sawa, mama."

Lakini nani ana sinia kwenye chumba cha kupanga? Akaendelea kuchota. Mama alipiga tena kesho yake, na keshokutwa. Swali lilikuwa lilelile, ila sauti ilikuwa inapungua. "Mzigo umefika?" Jibu likawa bado, bado. Demetria alianza kukereka, akajiuliza unga gani huu wa kuulizwa kama mgonjwa. Kukereka kwa mtu mwenye hatia ndivyo kulivyo, humtafuta wa kumlaumu, na mara nyingi humpata yuleyule aliyekosewa.

Jumamosi ikafika, akaingia ndani ya blanketi na tumbo limejaa uji. Baada ya somo, kwenye nia za sala, akasikia sauti ya mama yake.

"Naomba jumuiya iniombee mzigo wangu ufike kwa mwanangu."

Wakaombea mzigo. Mzee Ansbert aliuombea kwa bidii, akawaombea na watu wa posta wa Ufaransa wapatane na wakubwa wao. Demetria alifumba macho. Alitamani atupe blanketi, awaache wasikie mihogo na singeli wamalize wenyewe, lakini mkono haukufanya hivyo.

Jioni yake Mzee Ansbert alimpigia peke yake.

"Binti, nisamehe nikiingilia ya kwenu. Mama yako tangu Jumatano ya Majivu hapokei komunyo. Misa anakuja, wenzake wakinyanyuka kwenda mbele, yeye amekaa. Nilimuuliza. Kasema kuna mtu ambaye yeye mwenyewe amemkosea, na anasubiri jibu la huyo mtu. Wewe unamjua ni nani?"

"Simjui, mzee," alisema Demetria, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa anasema kweli.

Mchana wa Jumatatu alikuwa anachota unga wa uji kikombe kilipokwama. Akadhani ni ganda. Akaingiza vidole, akavuta, likatoka jani refu, jembamba, limefunikwa unga, limeanza kukauka nchani, na katikati limefungwa fundo. Alilipuliza. Kabla hata unga haujaisha kudondoka alishalijua. Lilikuwa isale.

Mchaga hahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine iwe hivi: ukimkosea mtu mpaka maneno yakaisha, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Isale halikataliwi. Aliyeletewa akilipokea, ya nyuma yamekwisha. Mdogo humpelekea mkubwa, jirani humpelekea jirani, mume humpelekea mke aliyerudi kwao. Demetria katika maisha yake yote hakuwahi kusikia mzazi akimpelekea mwanawe.

Akakaa sakafuni, mikono myeupe kwa unga. Mama yake alilichuma kwenye ua la nyumba, akalificha ndani ya unga ili watu wa uwanja wa ndege wasilione wakalitupa. Ndiyo maana alimwambia aumimine wote. Ndiyo maana alipiga kila siku. Swali lake halikuwa la unga hata siku moja. Kwa muda wote ule mama aliamini kwamba mwanawe harudi, hata kutembea tu, kwa sababu ya maneno yale ya jioni, kwamba amemfunga mtoto kwa mdomo wake. Akaomba msamaha kwa njia kubwa kuliko zote alizozijua, akangoja. Na kila alipouliza, huyu hapa, akilamba mwiko, alimjibu bado.

Demetria alilia kilio kibaya, cha sauti, bila blanketi. Jirani wa saluni akaja kugonga kuuliza kama amefiwa.

Hakusubiri kubadilisha nguo. Alitoka na kandambili, isale mkononi, akamwendea Fakihi kijiweni.

"Madale."

Fakihi aliangalia jani, akamwangalia usoni. "Kwa mama yule?"

"Ni mama yangu."

Fakihi akampa kofia. Njia nzima ya Goba maneno yote aliyoyapanga Demetria yalikuwa yanapeperuka moja moja nyuma yao pamoja na vumbi. Kwenye mlima wa mwisho, kiwanda cha saruji cha Wazo kikionekana kule chini, alimwomba amshushe kabla ya nyumba.

Alitembea kando ya ua. Masale yalikuwa yamemzidi kimo. Akasimama, akachagua jani moja bichi, akalichuma, akalifunga fundo mara mbili, maana la kwanza lilimshinda. Alijua vizuri anachokifanya, na hilo ndilo lililomuuma. Isale halikataliwi. Alikuwa anakwenda kumlazimisha mama yake amsamehe kabla hajaujua uzito wa kosa.

Mama Demetria alikuwa ameketi kwenye kibaraza, mguu wenye goti bovu ameunyosha, anachambua maharage kwenye ungo. Simu ilikuwa kwenye mapaja, juu ya kanga. Geti lilipolia aliinua kichwa. Maharage yakaacha kuchezacheza.

"Demi?"

Demetria alipiga magoti kwenye udongo, mkono huu jani kavu lenye unga, mkono huu jani bichi.

"Shikamoo, mama. Mzigo umefika."

Mama aliyatazama majani yote mawili. Hakuitikia salamu. Aliuliza neno moja tu, lile ambalo binti yake alikuwa akiliogopa tangu Goba.

"Lini?"

"Siku ileile mzigo ulipotoka hapa. Niko Kimara, mama. Tangu mwezi wa saba. Theluji ilikuwa ya picha za yule bibi. Unga nimekula."

"Na mie nikawa nakupigia."

"Ndiyo, mama."

"Ukawa unaniambia posta wamegoma."

"Ndiyo."

Kuku mmoja alisogelea ungo, akadonoa harage, na hakuna aliyemfukuza. Uso wa Mama Demetria ulikaza, na Demetria alitamani apigwe. Mwishowe yule mama aliweka ungo chini, akainama kwa taabu, akapokea jani bichi kwa mikono yote miwili. Hakuwa na namna nyingine, na wote wawili walilijua hilo.

"Marahaba," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa kavu. "Ungekuja bila hili, leo ningekuchapa. Na langu?"

"Nimelipokea, mama. Hukunikosea kitu."

"Nilikukosea. Nilikwambia usije mikono mitupu." Akaitazama mikono ya binti yake, ya unga na udongo. "Jumapili nitapokea komunyo. Lakini wewe hujamaliza. Jumamosi jumuiya iko hapa kwetu. Somo utasoma wewe, umesimama pale, wakikuona."

"Mama…"

"Watu wamefunga wakikuombea usiteleze kwenye barafu, Demi. Inuka. Kachume mengine. La Mzee Ansbert. Yeye Mhaya, lakini amekaa nasi siku nyingi, atalielewa. La Benjamin akirudi, kinyago chake kimeondoka bure. La yule baba wa pikipiki uliyemfundisha kunidanganya, nami nikampa ndizi."

Demetria aliinuka, akaenda kwenye ua, akaanza kuchuma. Kila jani alilolivuta lilikuwa na sura ya mtu, na alipodhani amemaliza alikumbuka mwingine, akasimama mkono hewani.

"Na Bibi Odette, mama. Yule wa mayai. Nilimwambia narudi baada ya likizo. Bado ananitunzia ufunguo."

Mama yake alifikiri, akaokota ungo wake, akamfukuza kuku.

"La kwake lichume refu," alisema. "Kesho tunaanika ndizi. Tutalificha ndani ya unga, tutafute mwenye safari."